Unameza ARV kila siku; je, presha yako ni ngapi?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye boma lake haliko mbali na barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye, alikuwa mgonjwa wa kupigiwa mfano. Alianza kumeza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi mwaka 2007, akiwa na kilo 46, na tangu siku hiyo hakukosa tarehe ya kliniki hata mara moja. Kila alipopimwa wingi wa virusi katika damu, majibu yalirudi kwamba virusi havionekani. Mimi humpa mgonjwa wa aina hiyo mkono wa pongezi. "Mwalimu," nilikuwa nikimwambia, "wewe ungefaa kuwafundisha wengine." Naye alikuwa akicheka, anachukua tembe zake za miezi mitatu, anaweka kofia kichwani na kupanda bodaboda kurudi kwake.

Alfajiri moja mwaka 2019 waliniletea akiwa amelazwa kiti cha nyuma cha gari la jirani. Mdomo ulikuwa umepinda, mkono na mguu wa kulia haukuwa na nguvu, na alipojaribu kusema sauti ilitoka bila maneno. Presha yake ilikuwa 214 juu ya 122. Siku ya nne alifariki. Alikuwa na umri wa miaka 63, na virusi vilikuwa bado havionekani.

Baada ya mazishi nilifungua faili yake. Ilikuwa faili nene na safi: uzito, idadi ya askari wa mwili, wingi wa virusi, tarehe ya kurudi. Presha ilikuwa imeandikwa mara moja tu katika miaka mitatu, 158 juu ya 96, kwa mwandiko wangu mimi mwenyewe. Chini yake sikuandika lolote. Hapakuwa na dawa wala neno la kumrudisha baada ya wiki mbili apimwe tena. Siku hiyo nilikuwa nimefurahia majibu ya virusi, nikampa mkono.

Ndiyo sababu leo nakuandikia wewe msomaji, hasa kama wewe mwenyewe, mumeo, mkeo au mzazi wako anaishi na virusi vya Ukimwi na anaendelea vizuri. Hao wanaoendelea vizuri ndio ninaowahofia.

UGONJWA WA KUKONDA NA UGONJWA WA KITAMBI

Watu wengi hudhani kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi, na kwamba Ukimwi ni ugonjwa wa kukonda, kwa hivyo mtu mmoja hawezi kupatwa na yote mawili. Zamani fikira hiyo ilikuwa na msingi. Wale wenye umri kama wangu wanakumbuka miaka ya tisini, ambapo hapa Kabras hakukupita Jumamosi bila mazishi, na Novemba 1999 Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Mgonjwa wa wakati huo hakuishi muda wa kutosha kupata ugonjwa wa moyo. Aliuawa na kifua kikuu, kuhara au homa ya uti wa mgongo.

Dawa zilibadilisha mambo. Kuanzia mwaka 2006 zilitolewa bila malipo katika hospitali za serikali, na mwaka 2016 Kenya ikaanza kumpa dawa kila anayepatikana na virusi bila kungoja askari wa mwili wapungue. Aliyekuwa na miaka 35 mwaka 2006 sasa ana zaidi ya hamsini, amenenepa, analipia karo ya chuo kikuu, na ana magonjwa ya watu wa hamsini. Tena anayapata mapema kuliko jirani yake asiye na virusi.

Kwa nini mapema? Hapa inafaa tutulie kidogo, maana watu huniuliza: "Daktari, kama virusi havionekani, vinadhuru vipi?"

Virusi kutoonekana kwenye kipimo si sawa na virusi kutoka mwilini. Vimejificha ndani ya chembe za mwili, vimelala. Askari wa mwili wanajua vipo, na kwa hivyo hawaendi kulala. Hukesha wakizunguka na silaha mkononi, mwaka baada ya mwaka, na silaha hizo ni kemikali ambazo huwasha kuta za ndani za mishipa ya damu. Ukuta uliowashwa hupata makovu madogo madogo. Mafuta yaliyomo katika damu hunata kwenye makovu hayo na kujenga gamba, kama masizi yanavyojishika ndani ya bomba la moshi. Siku moja gamba hupasuka, damu huganda juu yake, na njia huziba. Ikizibia kwenye moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikizibia kwenye ubongo, huo ni ugonjwa wa kiharusi, ambao wengi huuita kupooza.

Wala si virusi vya Ukimwi pekee vyenye tabia hiyo. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada walichapisha uchunguzi wa watu waliopata mshtuko wa moyo, wakaona kwamba katika siku saba baada ya mtu kuthibitishwa kuwa na homa ya mafua, hatari ya kupatwa na mshtuko huo ilikuwa mara 6 kuliko nyakati nyingine. Na corona, iliyotangazwa kuingia Kenya Machi 13, 2020, ilitufundisha kwa uchungu jinsi kirusi cha mapafu kinavyoweza kugandisha damu ya mtu miguuni, mapafuni na ubongoni. Tofauti ni kwamba mafua hupita baada ya wiki. Kirusi cha Ukimwi ni mpangaji asiyehama.

Mwaka 2018 hiyo hiyo jarida la Circulation lilichapisha majumuisho ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali. Hesabu ilionyesha kwamba anayeishi na virusi vya Ukimwi ana hatari takriban mara 2 ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi akilinganishwa na asiye navyo, na kwamba mzigo wa magonjwa hayo kwa watu hao ulikuwa umeongezeka mara 3 katika miaka 20. Nikuambie ukweli, nyingi ya tafiti hizo zilifanywa Ulaya na Marekani, na kuna wenzangu waliosema kwamba sisi huku hayatuhusu.

DAKTARI DONNISON NA WATU 1,000

Wenzangu hao walikuwa na babu wa kumtegemea. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aliyeitwa Donnison alichapisha taarifa fupi katika jarida la Lancet la London. Alikuwa akifanya kazi kusini mwa Nyanza, wakati ambapo sisi wa Kabras tulihesabiwa katika wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini. Aliwapima wanaume 1,000 presha. Hadi umri wa miaka 40, presha yao ililingana na ya Wazungu, lakini baada ya hapo, badala ya kupanda, ilielekea kushuka. Miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake katika miaka miwili, hakuandika hata mmoja kuwa mgonjwa wa presha.

Wazee wetu basi walikuwa na mishipa laini. Lakini miaka 60 baadaye, mwaka 1990, jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha uchunguzi mwingine wa hapa hapa Kenya, uliowafuata Waluo waliotoka vijijini Nyanza kwenda kutafuta kazi Nairobi. Presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya ndugu zao waliobaki nyumbani, na tofauti ilianza kuonekana katika mwezi wa kwanza wa kuishi mjini. Mkojo wao ulikuwa na chumvi zaidi, na madini ya potasiamu, ambayo hutoka katika mboga na matunda, yalikuwa machache. Watu walikuwa wale wale, wa damu ile ile. Kilichobadilika ni sahani, mizani na mawazo.

Siku hizi huna haja ya kwenda Nairobi, maana Nairobi imekuja Malava. Mrenda, kunde na saga bado zipo, lakini jioni pale stendi utaona foleni kwenye chipsi. Aliyekuwa akitembea kilomita sita hadi Chegulo leo anapanda bodaboda. Malipo ya miwa yakitoka, nyama huchomwa na chupa hufunguliwa, na chumvi hunyunyizwa juu ya chakula kabla mtu hajaonja. (Wengi huniuliza kama muwa wenyewe ndio unaoleta presha, kwa vile tunaishi katikati ya mashamba ya miwa na harufu ya kiwanda iko puani kila siku. Kutafuna muwa hakujawahi kunipa mgonjwa wa presha. Vijiko vinne vya sukari katika kila kikombe cha chai, mara tano kwa siku, hilo ni jambo jingine.) Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini ana presha ya juu, na asilimia 56 walikuwa hawajawahi kupimwa maishani.

Sasa tuunganishe mambo haya mawili, virusi na presha, na tusiende mbali. Mpango wa AMPATH, uliozaliwa mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, umetibu watu wanaoishi na virusi katika kliniki nyingi za magharibi mwa Kenya, ikiwamo ya Webuye, jirani zetu. Mwaka 2011 madaktari wake walichapisha walichokiona katika faili za wagonjwa zaidi ya 12,000. Karibu mwanamume 1 kati ya 9 alikuwa na presha, na mwanamke 1 kati ya 13 au 14. Zaidi ya wanawake 2 kati ya 10 walikuwa na uzito uliozidi. Hao ndio watu tuliowafikiria kuwa wa kukonda.

Mwaka 2014 walirudi na jambo zito zaidi, wakichunguza kumbukumbu za karibu watu 50,000. Kwa wagonjwa waliokuwa wamedhoofika, aliyekuwa hatarini zaidi kufa alikuwa yule mwenye presha ya chini, kwa sababu mwili ulikuwa umeishiwa. Lakini kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa bado mwepesi na askari wa mwili walikuwa wengi, mambo yalipinduka: mwenye presha ya 140 kwenda juu ndiye aliyekuwa katika hatari kubwa kuliko wenzake wenye presha ya kawaida. Niliposoma hayo niliyapitia mara mbili. Baadaye, katika ile faili nene, nilikutana nayo tena yakiwa na jina la mtu.

Kule Blantyre, Malawi, wachunguzi walilinganisha watu waliopatwa na kiharusi na majirani zao wazima, wakatoa matokeo mwaka 2016. Kwa watu wote kwa jumla, presha ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu. Lakini kwa wenye miaka 45 kurudi chini, virusi vya Ukimwi ndivyo vilivyoongoza, hasa kwa ambao hawakuwa wameanza dawa au walioanza karibuni. Kwa hivyo ukisikia kijana wa miaka 38 amepooza, usikimbilie kusema amerogwa kwa sababu ya shamba.

DAWA ZENYEWE JE?

Ni kweli kwamba baadhi ya dawa za zamani za Ukimwi zilipandisha mafuta katika damu. Dawa tunayotumia zaidi siku hizi ni dolutegraviri, ambayo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuianza, mwaka 2017. Ni dawa nzuri sana, tembe moja kwa siku, na virusi hulala haraka. Lakini utafiti uliofanywa Johannesburg na kutolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba walioitumia waliongezeka uzito, wanawake zaidi kuliko wanaume. Mtu akinenepa hapa kwetu husifiwa kwamba sasa ana afya, na aliyewahi kuwa na kilo 46 haogopi kuwa na 88. Namwelewa. Lakini presha huufuata uzito kama ndama anavyomfuata ng'ombe.

Je, uache dawa ili kuokoa moyo? Hapana, na hapa nakusihi usome polepole. Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Katika utafiti uitwao SMART, watu 5,472 kutoka nchi 33 waligawanywa: nusu wakaendelea na dawa bila kukatiza, nusu wakawa wanazisimamisha kila askari wa mwili wanapoongezeka na kuanza tena wanapopungua. Wengi walitarajia kwamba kupumzika kungeokoa moyo, figo na maini. Januari 2006 ilibidi waliopumzishwa warudishwe kwenye dawa, kwa sababu walikuwa wakifa zaidi, tena walipata magonjwa ya moyo, figo na maini zaidi. Virusi vikiamka, askari nao huwasha moto mkubwa zaidi ndani ya mishipa. Kumeza ARV bila kuruka siku ni sehemu ya kutunza moyo.

Swali linalofuata ni kama kuna dawa ya kuongeza juu ya hizo. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao REPRIEVE, uliowashirikisha watu 7,769 wa miaka 40 hadi 75 katika nchi 12, mojawapo ikiwa jirani yetu Uganda. Wote walikuwa na virusi vya Ukimwi na wako kwenye dawa, na wote walionekana hawana hatari kubwa ya moyo kwa vipimo vya kawaida. Nusu walipewa kila siku tembe ya kupunguza mafuta ya damu, pitavastatini, na nusu tembe isiyo na kitu. Baada ya miaka 5 hivi utafiti ulisimamishwa mapema kwa kuwa jibu lilikwisha kupatikana. Misiba ya moyo na mishipa ilipungua kwa asilimia 35. Yaani, kati ya watu 1,000 kwa mwaka mmoja, wasiopewa dawa walipatwa 7 hivi. Waliopewa, chini ya 5.

Usiuze ng'ombe kununua dawa hiyo. Hesabu ya watafiti wenyewe ni kwamba ili kumwokoa mtu mmoja, yawapasa watu 106 wameze tembe kila siku kwa miaka 5. Baadhi yao walipata maumivu ya misuli, na wachache zaidi walipata ugonjwa wa kisukari kuliko wenzao. Katika maduka ya dawa ya huku sijaiona pitavastatini kwenye rafu; iliyopo zaidi ni atorvastatini, ndugu yake. Kama una miaka 40 au zaidi, na hasa kama una kisukari, unavuta sigara au ndugu yako wa damu alipatwa na moyo au kiharusi mapema, zungumza na daktari wako juu yake. Usijinunulie mwenyewe, kwa sababu tembe nyingine ya aina hiyo, simvastatini, haipatani kabisa na baadhi ya ARV kama lopinaviri na atazanaviri. Ikichanganywa nazo inaweza kuyeyusha misuli na kuharibu figo.

Maoni yangu, baada ya miaka mingi ya kazi huku, ni kwamba kabla hatujagombania tembe za mafuta, tuanze na kitambaa cha mashine ya presha.

KIPIMO CHENYEWE

Baada ya kifo cha mwalimu tulihamisha mashine ya presha kutoka chumba cha daktari tukaiweka karibu na mizani, ili asiwepo mtu wa kupimwa uzito bila kupimwa presha. Hatukufanya utafiti, kwa hivyo sina takwimu za kukupa. Naweza kusema tu kwamba ni nadra siku kupita bila kumpata mtu ambaye virusi vyake vimelala na presha yake iko macho.

Utafiti ulifanywa na wengine. Katika mradi uitwao SEARCH, uliokuwa katika jamii 32 za vijijini Kenya na Uganda, watu walipimwa virusi, presha na kisukari mahali pamoja siku moja, na waliopatikana na shida wakatibiwa kwa utaratibu mmoja. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba katika vijiji vilivyopata huduma hiyo kamili, asilimia 47 ya wenye presha walikuwa wameidhibiti, na katika vijiji vya kulinganisha ilikuwa asilimia 37. Tangu misaada ya Marekani ilipovurugika mapema mwaka 2025 tumesikia mengi juu ya kuunganisha kliniki za Ukimwi na kliniki za kawaida. Wengi wa wagonjwa wangu wanaogopa, hasa kuonekana na majirani kwenye foleni, na hofu yao si ya kupuuzwa. Lakini ikiwa kuunganisha huko kutaleta mashine ya presha mezani, nitakuwa na jema moja la kulisemea.

Ukienda kupimwa, usikubali kupimwa ukiwa umeshuka tu kwenye bodaboda unahema. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na kitambaa kifungwe juu ya ngozi, si juu ya sweta. Nenda haja ndogo kwanza. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Usizungumze wakati mashine inavuta pumzi. Najua hilo ni gumu kwa watu wetu. Pimwa mara mbili na uulize namba zote mbili, uziandike nyuma ya kadi yako ya kliniki. Ya juu ikiwa 140 au zaidi, au ya chini ikiwa 90 au zaidi, urudi siku nyingine upimwe tena. Ikibaki hapo, una presha, hata kama husikii chochote. Mwalimu hakusikia chochote.

Dawa zipo, na nyingi ni za bei nafuu. Utafiti uliofanywa katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kwa Waafrika weusi, amlodipini ikiunganishwa na dawa nyingine ya presha, kama ile ya kuongeza mkojo, hufanya kazi vizuri. Mwambie daktari unatumia ARV gani, kwa kuwa baadhi huzidisha nguvu ya amlodipini na itabidi aanze na kiasi kidogo. Kama una kisukari na unameza metfomini pamoja na dolutegraviri, mkumbushe pia, maana kipimo kina mpaka. Na chumvi isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, ukihesabu na ile iliyo katika supu za pakiti na mkate.

Mjane wa mwalimu naye huja kwangu. Aliniletea mwenyewe mkono wake siku ya arubaini ya mumewe, presha ikawa 166 juu ya 102. Sasa iko chini ya 140. Mwezi uliopita aliniuliza swali: "Daktari, hii ya virusi napewa bure, na hii ya presha nanunua. Iliyomuua baba ya watoto ni ipi?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nilimwambia, "Mama, ni ya presha," nikamwandikia tembe za miezi mitatu ili apunguze nauli.

Mwisho, jambo la dharura, kwa sababu kiharusi kina haraka. Mtu wako akipinda mdomo ghafla, mkono mmoja ukaanguka anapojaribu kuinua yote miwili, au maneno yakaanza kumpotea, tazama saa na uikumbuke, maana daktari atakuuliza ilianza saa ngapi. Usimpe maji, chai, uji wala tembe yoyote mdomoni, kwani huenda hawezi kumeza na itaingia mapafuni. Usimpe ile dawa ya presha ya jirani ili ishuke upesi. Presha ikishushwa kwa kishindo ubongo hukosa damu zaidi. Mlaze kwa ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo, utafute gari, na kama unaweza mpeleke moja kwa moja hospitali kubwa yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Chukua na dawa zake zote, ARV zikiwamo. Ikiwa unaona haya kuzionyesha mbele ya watu, zitie katika mfuko wa karatasi umkabidhi daktari mkononi.